Nusu ratili ya bati: kisa cha viwanda vya Marekani, 1942–1945

Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari 1942. Mwezi huohuo, Bodi ya Uzalishaji wa Kivita ya Marekani ilitoa amri iliyoitwa M-81, iliyopanga ni bidhaa zipi zingeendelea kutiwa kwenye makopo na zipi zitafute chombo kingine. Kinachounganisha matukio hayo mawili ni bati. Ninasema bati kwa maana ya metali yenyewe, ile inayochimbwa Kyerwa na Manono, si mabati ya kuezekea ambayo kwa kweli hupakwa zinki.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba vita ndivyo vilivyozaa uvumbuzi: bati likakosekana, wahandisi wakaketi, wakaja na njia mpya ya kulipaka kwa umeme. Nimekaa na habari zake kwa muda, na nakisoma vingine. Njia ya umeme ilikuwa tayari inafanya kazi kiwandani miaka mitano kabla ya Singapore kuanguka. Kilichokosekana ni sababu ya kuwafanya wenye viwanda waache sufuria za kuchovyea chuma kwenye bati la moto walizozizoea. Na vita vilipoileta sababu hiyo, kupaka kwenyewe kukaonekana kuwa sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu ulikuwa kwenye hatua mbili zinazofuata: kuliyeyusha upya lile bati jembamba, na kuamua ni chakula gani kingeweza kuaminiwa ndani yake.

Nchi isiyo na bati

Marekani ilikuwa mtumiaji mkubwa wa bati kuliko nchi nyingine yoyote, nayo ardhini mwake karibu haina bati kabisa. Ilinunua zaidi kutoka Malaya, na sehemu nyingine ikatoka visiwa vya Bangka na Belitung, wakati huo chini ya Waholanzi. Hata kiwanda cha maana cha kuyeyushia mawe ya bati haikuwa nacho. Bati la Malaya lilisafishwa hukohuko Penang na Singapore likafika bandarini likiwa vipande safi, na mawe ya Bolivia yalivushwa Atlantiki kwenda kuyeyushwa Uingereza. Kwa hiyo Japani ilipoteka Malaya, Marekani ilipoteza mgodi na tanuru kwa pigo moja.

Serikali haikuwa imelala usingizi kabisa. Juni 1940 iliunda kampuni ya umma, Metals Reserve Company, ili inunue na kuweka akiba ya metali adimu, bati likiwemo. Ikajenga pia kiwanda cha kuyeyushia bati huko Texas City, pwani ya Texas, na kikaanza kazi Aprili 1942 kikitegemea hasa mawe ya Bolivia, ambayo ni maskini na yana uchafu mwingi kuliko yale ya Malaya. Hayo yalinunua muda. Lakini akiba huliwa, na Bolivia pekee haikuweza kuziba pengo la Asia ya Kusini-Mashariki.

Upande wa pili, mahitaji yalikuwa yakipanda. Bati linahitajika kwenye beringi za injini, kwenye shaba nyeusi, kwenye lehemu ya kila redio na kila rada. Lakini mlaji mkuu alikuwa kopo la chakula. Jeshi lililotawanyika kutoka Afrika Kaskazini hadi visiwa vya Pasifiki halina jiko la kudumu wala ghala la baridi. Linakula kutoka kwenye kopo. Uingereza na Urusi nazo zilikuwa zikipelekewa nyama na samaki wa makopo kwa shehena nzima za meli. Mtu anaweza kusema wapunguze makopo. Raia waliweza kupunguziwa, na walipunguziwa. Jeshi halikuweza.

Sufuria ya bati na mafuta ya mawese

Ili kuona ukubwa wa tatizo, tuangalie karatasi ya kopo ilivyo. Ni chuma cha pua cha kawaida, si kile kisichoshika kutu, chenye unene wa robo milimita hivi, kilichopakwa bati pande zote mbili. Bila bati kinashika kutu, kinaharibu ladha ya chakula, na hakishiki lehemu vizuri.

Wenye biashara hiyo walipima, na hata leo wengine bado wanapima, kwa sanduku la hesabu: karatasi 112 za inchi 14 kwa 20. Eneo la karatasi hizo ni kama mita za mraba 20. Kabla ya vita sanduku moja lilibeba bati la ratili moja na robo hadi moja na nusu. Ukigeuza vipimo, ratili moja na robo ni kama gramu 28 kwa kila mita ya mraba ya karatasi, ukihesabu pande zote mbili pamoja. Kila upande unapata tabaka lenye unene wa karibu maikromita mbili.

Tabaka hilo lilipatikana kwa kuchovya. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, joto dogo kwa metali. Karatasi iliyosafishwa kwa asidi iliingizwa kwenye sufuria kupitia kloridi ya zinki, ikazama ndani ya bati lililoyeyuka, kisha ikapanda upande wa pili kupitia bwawa la mafuta ya mawese ya moto, ambamo magurudumu yaliiminya na kurudisha bati la ziada. Mafuta yale yalitoka Afrika. Kwa miaka mingi sufuria za Wales Kusini, na baadaye za Pennsylvania, ziliwashwa kila asubuhi zikiwa na mawese ya kwetu juu yake. Karatasi ilipotoka ilifutwa mafuta kwa pumba za nafaka, kisha ikapelekwa kwa wanawake wakaguzi, waliogeuza karatasi moja baada ya nyingine na kutambua kasoro kwa jicho na kwa ncha za vidole.

Kazi hiyo ilikuwa na ustadi, na bidhaa yake ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa na mpaka usiovukika. Anayeamua unene wa bati ni gurudumu linalominya kimiminika, na kimiminika kikiminywa mno hakitandi sawa. Ukishuka chini ya kiasi cha ratili moja kwa sanduku, karatasi inaanza kutoka na madoa na vitundu vinavyoacha chuma wazi. Sufuria haina mkono mwepesi kuliko hapo.

Njia zilizokuwa mezani

Ya kwanza ilikuwa kuacha bati kabisa: kutumia chuma kitupu kilichotiwa dawa ya fosfeti na kupakwa laka, yaani rangi ngumu ya kinga. Wajerumani, ambao nao walikuwa na uhaba, walikwenda mbali kwenye njia hiyo. Marekani nayo iliitumia kwa bidhaa zisizo na majimaji mengi na kwa vifuniko. Kwa nyama itakayopikwa ndani ya kopo kwa joto kali, halafu ikakaa mwaka mzima juani kwenye bohari ya bandari, hakuna aliyethubutu. Isitoshe, ubavu wa kopo la wakati ule ulifungwa kwa lehemu, na lehemu haikubali chuma kitupu kwa mwendo wa mashine.

Ya pili ilikuwa kioo. Kahawa ilihamia kwenye chupa na mifuko, bia ya raia ikarudi kwenye chupa, chakula cha mbwa kikauzwa kikavu ndani ya maboksi. Huo ndio mtindo wa chakula kikavu cha mbwa uliobaki hadi leo. Ila kioo ni kizito na kinavunjika, na mwaka 1942 nafasi ndani ya meli ilikuwa na thamani kuliko mzigo wenyewe, kwa jinsi nyambizi za Ujerumani zilivyokuwa zikizamisha meli Atlantiki.

Ya tatu ilikuwa kuendelea kuchovya na kupunguza kidogo kidogo hadi mpaka wa sufuria. Hilo lilifanyika mara moja, kwa sababu halikuhitaji mashine mpya. Lilileta nafuu ndogo.

Ya nne ilikuwa umeme. Nayo iliahidi nusu ratili kwa sanduku: gramu 11.2 kwa mita ya mraba badala ya 28. Tani moja ya bati iliyokuwa ikitosha karatasi za mita za mraba 35,700 sasa ingetosha 89,000. Hakuna mgodi ambao ungeweza kufunguliwa haraka kiasi hicho.

Kwa nini iliwezekana wakati ule na si zamani

Kupaka metali kwa umeme ni elimu ya karne ya 19. Swali la haki ni kwa nini tasnia ya makopo haikuigusa mapema, na jibu halimo ndani ya kemia. Limo ndani ya chuma. Hadi miaka ya 1920 karatasi ya kopo ilitengenezwa kwa vipande: watu walikunja chuma cha moto, wakakipitisha kwenye mashine, wakakunja tena, kisha wakakibandua karatasi moja moja kwa mkono. Kuipaka kwa umeme karatasi moja moja namna hiyo ni hasara tupu. Ndipo mashine za kuviringisha chuma mfululizo, zilizoanza kufanikiwa Marekani katikati ya miaka hiyo, zikaleta kitu kipya: utepe mmoja wa chuma wenye urefu wa maelfu ya futi, laini, wenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, uliozungushwa kuwa koili. Utepe unaweza kupitishwa bila kusimama ndani ya bwawa la dawa, yaani kimiminika chenye chumvi za bati, ambamo umeme hulibandika bati kwenye chuma. Mkia wa koili moja unaunganishwa na kichwa cha inayofuata, na mashine inaendelea.

Wajerumani wa kiwanda cha Rasselstein, Andernach, walikuwa wa mwanzo kutengeneza karatasi ya kopo kwa njia hii, mwaka 1934. Marekani, U.S. Steel ikaanza yake mjini Gary, Indiana, mwaka 1937, na kuiita Ferrostan. Kwa hiyo Februari 1942 ilipofika, kulikuwa na watu waliokwisha kuungua vidole vyao kwenye kazi hiyo kwa miaka mitano. Hapo ndipo ninapoweka uzito wa kisa chote. Amri ya serikali inaweza kutoka kwa siku moja, lakini haiwezi kumtengeneza fundi aliyewahi kuona bati likitoka sponji badala ya tabaka na akajua sababu yake.

Hesabu ya umeme

Njia tatu zilishindana, na tofauti yao inaonekana vizuri zaidi ukifanya hesabu.

Chukua utepe wenye upana wa sentimita 75, unaokimbia mita 150 kwa dakika, takriban futi 500. Kila dakika mashine inapitisha karatasi ya mita za mraba 112.5. Kwa gramu 11.2 kila mita, linahitajika bati la gramu 1,260 kwa dakika. Katika dawa ya asidi kila atomu ya bati inahitaji elektroni mbili ili igeuke metali, na hapo ampea moja ikipita kwa saa nzima inaweka gramu 2.2 hivi. Ukigawanya, unapata mkondo wa ampea 34,000, tena ukidhani kwamba hakuna hata elektroni moja iliyopotea. Volti ni chache, lakini shaba ya kubeba mkondo huo ni nene kama paja la mtu, na majenereta ya kuuzalisha ni yaleyale ambayo viwanda vya meli na ndege vilikuwa vikiyalilia. Bodi ya Uzalishaji ilibidi itoe shaba na mota ili iokoe bati. Naona uamuzi huo ulihitaji ujasiri kuliko inavyosemwa kawaida, kwa sababu shaba nayo ilikuwa adimu.

Sasa chukua dawa ya alkali, ile ya stanati. Ina uzuri wake: haili mashine, haihitaji viungo vya siri ili tabaka litoke laini. Lakini ndani yake kila atomu ya bati inadai elektroni nne. Mkondo unaruka hadi ampea 68,000 kwa kazi ileile. Pia vipande vya bati vinavyoning'inizwa kama anodi, yaani upande chanya wa umeme unaolisha dawa bati, lazima vivae utando mwembamba wa rangi ya njano na kijani. Ukitoweka, bati linaingia kwenye dawa kwa sura isiyotakiwa na utepe unatoka na sponji. Njia hii ilitumika, lakini haikuwa njia ya mbio.

Ferrostan ilitumia asidi ya fenoli-salfoni, utepe ukipanda na kushuka wima kati ya anodi. Njia ya tatu, ya halojeni, iliyotengenezwa na du Pont na kuchukuliwa na Weirton Steel ya West Virginia, ilitumia chumvi za kloridi na floridi za bati. Humo utepe ulilala juu ya dawa ukapakwa upande wa chini, kisha ukageuzwa ukapakwa upande wa pili. Iliruhusu mkondo mkali na mwendo wa kasi sana. Lakini chumvi zake ni kali kwa mashine na kwa mapafu.

Kabla ya dawa yoyote kati ya hizo, utepe uliogeshwa kwa alkali kuondoa mafuta ya kuviringishia, ukaoshwa, ukapitishwa kwenye asidi hafifu ya salfuriki kuondoa kutu, ukaoshwa tena. Hatua hizi hazina mvuto kwa msimulizi. Ila tabaka la maikromita 0.8 halifichi kitu. Bati nene la sufuria lilifunika uchafu mdogo. Bati la umeme linauonyesha.

Tatizo la kijivu

Utepe ukitoka kwenye dawa haung'ai. Ni wa kijivu kilichofifia, wenye ukungu, na ukiushika unabaki na alama za vidole. Bati limekaa juu ya chuma kama punje ndogo ndogo zilizosongamana, na kati ya punje kuna vitundu. Watu wa makopo waliutazama wakaukataa. Baadhi ya kukataa kwao ni mazoea tu, maana mteja alizoea kopo linalometa. Sehemu kubwa, hata hivyo, ilikuwa na msingi: karatasi ile ilishika kutu haraka, na lehemu ilisitasita juu yake.

Tiba yake ilijulikana. Lipashe joto bati hadi lipite nyuzi 232, liyeyuke kwa kitambo kidogo sana, kisha litumbukize kwenye maji. Punje zinaungana, vitundu vingi vinazibika, uso unakuwa kioo. Na kuna jambo la pili, lisiloonekana, ambalo ndilo la maana zaidi: pale bati la maji linapokutana na chuma panazaliwa tabaka jembamba la aloi ya vyote viwili, na tabaka hilo ndilo linalolishikilia bati na kukilinda chuma.

Kulijua ni rahisi. Kulifanya kwenye utepe unaokimbia mita 150 kwa dakika ni shughuli nyingine. Utepe uleule wa sentimita 75, wenye unene wa robo milimita, unapitisha kilo 220 za chuma kila dakika. Kuzitoa kilo hizo kutoka joto la chumbani hadi juu ya nyuzi 232 kunahitaji karibu kilowati 400 za joto linaloingia kwenye chuma chenyewe, bila kuhesabu upotevu. Likipungua kidogo, mstari mmoja unabaki wa kijivu. Likizidi, bati linajikusanya kuwa matone na kuacha chuma wazi, au aloi inakua nene hadi inalimeza bati lote huru. Kwenye tabaka la sufuria kulikuwa na bati la kupoteza. Hapa hakuna.

Kulijaribiwa mabwawa ya mafuta ya moto na tanuru za gesi. Vyote viwili vina kasoro moja: haviwezi kubadilika upesi. Mashine ikipunguza mwendo kwa sababu yoyote, tanuru inaendelea kuwaka na utepe unaungua. Njia ya kupitisha mkondo wa umeme ndani ya utepe wenyewe, kati ya magurudumu mawili, ilikuwa bora, maana umeme hufuata mwendo wa mashine papo hapo. Ila gurudumu lisipogusana na utepe vizuri hutoa cheche, na kila cheche ni kovu.

Njia iliyonivutia kuliko zote ni ya mawimbi ya redio. Westinghouse, kampuni iliyokuwa ikijenga vituo vya redio, ilichukua vali kubwa za kurushia matangazo, yaani mirija ya kielektroniki, ikazigeuza kuwa chanzo cha joto. Utepe unapita katikati ya koili ya shaba bila kuigusa. Mkondo unaogeuka mwelekeo kwa kasi kubwa ndani ya koili unaamsha mkondo mwingine kwenye uso wa chuma, na chuma kinajipasha chenyewe. Hakuna cheche, hakuna moto, na nguvu inapandishwa au kushushwa kulingana na mwendo wa utepe. Mwendeshaji aliweza kuuona mstari unaogawa kijivu na mng'ao ukisimama mahali pamoja juu ya utepe unaokimbia. Mstari ukishuka au kupanda, alijua joto limebadilika. Ni upotevu mkubwa wa umeme, kwa kuwa vali zenyewe hupoteza sehemu nzuri ya nguvu. Mwaka 1943, hata hivyo, umeme wa Marekani ulipatikana kwa urahisi kuliko bati.

Chakula hakidanganywi

Hapa ndipo waandishi wengi humaliza, karatasi iking'aa. Mimi naona nusu ya kisa ilikuwa bado.

Ndani ya kopo lililofungwa, mahali pasipo na hewa, bati na chuma hubadilishana nafasi. Nje, kwenye hewa na unyevu, mkwaruzo ukifika kwenye chuma ni chuma kinachooza, na bati la pembeni linakiharakisha. Ndani, kwenye asidi ya matunda na bila oksijeni, bati ndilo linaloyeyuka polepole na kukiacha chuma salama. Ni mlinzi anayejitoa mwenyewe, na ulinzi wake hudumu kadiri alivyo mnene. Nanasi au nyanya ndani ya kopo la nusu ratili lisilo na laka lingemaliza mlinzi huyo mapema mno. Kisha chuma kinaliwa, gesi ya hidrojeni inajaa, kopo linavimba.

Kwa hiyo haikutosha kusema kwamba sasa tunatumia bati la umeme. Wahandisi wa kampuni za makopo walilazimika kupita chakula kwa chakula. Vitu vikavu na mafuta: nusu ratili, bila wasiwasi. Nyama na mboga nyingi zisizo na asidi kali: nusu ratili, na laka ndani. Matunda yenye asidi: yabaki na karatasi ya sufuria. Ncha za kopo zikaweza kupunguzwa bati mapema kuliko ubavu, kwa sababu hazipitiwi na lehemu. Na lehemu nayo ilibadilishwa. Badala ya ile yenye bati jingi, zikatumika za risasi zilizotiwa bati kidogo tu au fedha kidogo.

Napenda kazi hii kuliko ya koili na vali, ingawa haina picha nzuri. Mtu aliyekataa kuweka nyanya kwenye karatasi mpya wakati wakubwa wake walitaka takwimu za kuokoa bati alikuwa akimlinda askari asiyemjua. Na waliochanganya laka walibeba mzigo uliokuwa wa bati bila kutajwa.

Raia nao waliingizwa. Waliambiwa watoe bandiko, wakate ncha zote mbili, wazisukume ndani, walikanyage kopo likawa bapa, walipeleke kituoni. Viwanda vya kutoa bati viliyachemsha makopo hayo kwenye magadi makali, bati likaachana na chuma. Kopo la sufuria lilikuwa na bati la asilimia 1.4 hivi ya uzito wake. La nusu ratili lina asilimia 0.6. Kila hatua ya kubana matumizi iliifanya hatua ya kurudisha bati isilipe. Hatua hizo mbili zilikuwa zikivutana kamba moja, na sijaona mahali ambapo mvutano huo ulielezwa kwa wazi kwa watu waliokuwa wakikanyaga makopo jikoni.

Bati lililochimbwa kwa jasho lisilohesabiwa

Hesabu za gramu kwa mita ya mraba zinaweza kumfanya mtu asahau kwamba bati lililobaki lilitoka kwa watu fulani. Baada ya Malaya kupotea, migodi ya Bolivia, Nigeria na Kongo ya Wabelgiji ilitakiwa itoe zaidi. Nigeria, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakamata wakulima zaidi ya 100,000 kati ya 1942 na 1944 wakafanye kazi ya lazima kwenye migodi ya uwanda wa Jos, na wengi walifia kambini kwa maradhi. Bolivia, tarehe 21 Desemba 1942, askari waliwafyatulia risasi wachimbaji waliogoma pale Catavi pamoja na familia zao. Mwaka uliofuata tume ya pamoja ya Bolivia na Marekani, ikiongozwa na jaji Calvert Magruder, ikaenda kuangalia hali za wachimbaji. Kongo, ambako bati la Manono na la Maniema lilichimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili hiki ninachoandika, siku za kazi za lazima vijijini ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Ndiyo maana siwezi kuuona ule mstari wa mng'ao juu ya utepe kama ushindi wa ufundi peke yake. Kila gramu ambayo Gary na Weirton hawakuipaka ni gramu ambayo hakulazimishwa mtu kuichimba. Kama mitambo ya kupaka bati kwa umeme ingejengwa kwa wingi mwaka 1938, njia ikiwa tayari inajulikana na bati likiwa rahisi sokoni, mzigo wa Jos na Manono ungekuwa mwepesi. Haikujengwa kwa sababu sufuria zilikuwa zimeshalipiwa, na bati la Malaya lilifika kila wiki bila shida.

Baada ya 1945

Vita vilipokwisha, bati la Malaya lilirudi. Sufuria hazikurudi kwenye nafasi yao. Mitambo iliyojengwa kwa hofu ya uhaba ilionekana kuwa na faida hata pasipo uhaba: inakwenda kwa kasi, inahitaji mikono michache, na inatoa karatasi yenye unene uleule mchana na usiku. Uingereza, iliyofunga viwanda vingi vidogo vya Wales wakati wa vita ili kukusanya kazi mahali pachache, iliwasha mtambo wake wa kwanza wa kupaka bati kwa umeme Ebbw Vale baada ya vita, kisha ikajenga Trostre karibu na Llanelli, uliofunguliwa mwaka 1951. Vijiji vilivyokuwa vimeishi kwa sufuria na mawese kwa vizazi vikafungiwa milango, kimoja baada ya kingine. Katika miaka ya 1950 wahandisi walianza kupaka kila upande wa utepe kwa unene wake, bati zaidi kwa ndani penye chakula na kidogo kwa nje, jambo ambalo mtu wa sufuria asingeweza hata kulijaribu. Nanasi na nyanya, zilizokuwa zimeachwa nyuma mwaka 1943, zikapata kopo lao la umeme.